Mwenyekiti akikwambia "hayo mmalizie nyumbani", unakwenda wapi? (Uganda: kulinda watoto na wazee wetu kijijini)

MamaTwaha_Busia (mwanzisha uzi), Jumanne saa 3:10 usiku

Wapendwa, jambo hili nimekaa nalo wiki tatu rohoni. Leo naliandika.

Naishi Busia, upande wetu wa Uganda, kwenye nyumba za kupanga za chumba kimoja kimoja. Wapangaji tisa, bomba moja. Mahali kama hapa ukuta hauzuii kitu. Ukikohoa usiku, asubuhi jirani anakupa pole.

Chumba cha tatu kutoka kwangu kuna familia inayofanya biashara ya mpakani. Miezi michache iliyopita walileta msichana wa kazi kutoka kijijini, wakasema ana miaka 17. Mimi nimezaa watatu, mtoto wa miaka 12 nikimwona namjua. Saa kumi na moja alfajiri yuko bombani anafua nepi. Saa nne usiku bado nasikia sufuria zinasuguliwa.

Nikaanza kuona anashika jerikeni kwa njia ya ajabu. Anaibeba kwa vidole viwili vya mwisho, dole gumba amelikunja ndani kama anaficha shilingi. Siku moja nikamwambia, mwanangu, ngoja nikutwishe. Alipoinua mikono nikaona kiganja. Ilikuwa alama ya pasi, hizi pasi zetu za makaa. Ncha yake ilikuwa imechora pembetatu kuanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka katikati ya kiganja, na pembeni ngozi imeanza kutoa usaha. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Niliunguza shati la baba." Hakulia wala hakuniangalia. Akachukua jerikeni yake akaenda.

Jioni ile ile nilikwenda kwa mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akaniuliza kama nina ugomvi na yule mama. Nikasema sina. Akasema, "Basi hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Nitawaita, wayamalize wenyewe." Kesho yake saa mbili asubuhi mwajiri wa yule mtoto alikuwa mlangoni kwangu, ananiuliza tangu lini nimekuwa polisi. Mtoto hakuonekana bombani siku nne.

Nilimtafutia mtoto msaada, nikawa nimemwongezea hatari. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sasa nauliza wanaojua: mwenyekiti akishasema yamalizwe nyumbani, ndiyo mwisho? Kuna mlango mwingine ambao mtu wa kawaida kama mimi anaweza kubisha?

---

Mwalimu_Tororo, Jumanne saa 3:52 usiku

Mama Twaha, pole sana, na asante kwa kutonyamaza.

Mlango upo, na upo kijijini kwenu hapo hapo, ila watu wengi hawaujui. Kila LC1 ina makamu mwenyekiti. Kwa sheria, huyo makamu ndiye katibu wa masuala ya watoto. Hiyo ni kazi yake hasa, si cheo cha kujaza nafasi mwenyekiti akisafiri. Sheria ya Watoto inalipatia kila baraza, kuanzia kijiji hadi wilaya, wajibu wa kulinda watoto wa eneo lake na kuwa na mtu mmoja anayehusika nao. Na inampa raia yeyote mwenye ushahidi kwamba haki ya mtoto inavunjwa ruhusa ya kwenda kuripoti kwenye baraza. Kwa hiyo ulipokwenda hukuwa mmbea. Sheria ilikuwa nyuma yako.

Tatizo ni kwamba nikiwauliza wazazi shuleni kwangu jina la mwenyekiti wao, wote wanalijua, kwa sababu muhuri wa barua uko kwake. Nikiwauliza makamu ni nani, wanaangaliana.

Jambo la pili. Sheria ilirekebishwa 2016, na umri wa chini wa mtoto kuajiriwa ni miaka 16. Ndiyo maana waliwaambia 17. Hiyo namba haikuja kwa bahati. Tafuta makamu wako usiku huu kama unaweza, au kesho asubuhi kabla hujachota maji.

---

Mzee_wa_Mlimani, Jumanne saa 4:20 usiku

Nitasema lisilopendeza. Sote tulilelewa kwa shangazi na wajomba. Tulichota maji, tulichunga, tulichapwa, na ndiyo maana leo tunajua kusoma na kuandika. Siku hizi kila kitu ni polisi. Ukimfunga yule baba, watoto wake watatu watakula nini? Na huyo msichana atarudi kwenye njaa iliyomtoa. Wazee walikuwa wanakaa chini, wanaongea, nyumba inapona. Tusivunje familia kwa sababu ya sheria za kwenye makaratasi.

---

MamaTwaha_Busia, Jumanne saa 4:41 usiku

Mzee wangu, nakuheshimu, na mimi pia nililelewa na shangazi, Mungu amrehemu. Nilichapwa. Lakini shangazi hakuniwekea chuma cha moto mkononi. Na nilipougua alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Hapa hakuna familia ninayoivunja. Yule mtoto hana familia pale, ana waajiri.

---

Mwalimu_Tororo, Jumanne saa 4:58 usiku

Naongezea hapo. Hata kiboko shuleni kilikatazwa na marekebisho yale yale ya 2016, sembuse pasi. Na tusidhani ni visa vya mmoja mmoja. Utafiti wa kitaifa uliotolewa 2018 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Wasichana 35 kati ya 100 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza 18, na wavulana 17 kati ya 100. Waliopigwa walikuwa zaidi ya nusu, wavulana wakiwazidi wasichana. Nadhani wengi wa watoto hao walikuwa na wazee waliokaa chini wakaongea, mzee wangu. Wenyewe hawakuulizwa.

---

Nesi_wa_Zamu, Jumatano saa 12:15 asubuhi

Ndiyo kwanza natoka zamu. Mama Twaha, kidonda ulichokieleza hakisubiri kikao cha mtu yeyote. Kiganja kikiungua na kuanza usaha, vidole vinaweza kukunjamana vikabaki hivyo maisha yote. Huyo mtoto anahitaji kituo cha afya leo, mambo ya kesi yafuate nyuma.

Na kwa wote mnaosoma, shikeni hili, maana naliona kila mwezi. Watu wanaleta mtoto siku ya nane kwa sababu siku saba za kwanza walikuwa kwenye mazungumzo. Kama mtoto amebakwa, dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafanya kazi ikianza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Siku ya nane dawa hiyo imeshapita wakati wake, nabaki na vipimo na matibabu mengine. Ushahidi nao unaoshwa. Mama kwa huruma yake anamwogesha mtoto, anafua nguo, na hapo kila kitu kimeondoka na maji. Msimwogeshe. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwenye kitambaa, si nailoni, ili zisioze.

Fomu ya polisi ya uchunguzi wa aliyebakwa inaitwa 3A. Ni bure. Anayeijaza hospitali si lazima awe daktari mkubwa, klinikal ofisa anaijaza, na mkunga aliyesajiliwa pia. Ukiambiwa ulipie karatasi, uliza jina la anayekuambia na uliandike. Na msikae kungoja fomu ndipo mje. Njooni kwanza mtoto atibiwe, fomu itatukuta hapa.

---

Makamu_Mstaafu_Koboko, Jumatano saa 2:05 asubuhi

Nimesoma uzi huu tangu usiku. Nilikuwa nimeamua nisiandike, kisha nikaona kunyamaza kwangu nako ni sehemu ya yale yale.

Mimi nilikuwa makamu mwenyekiti wa LC1. Niliingia kwenye kamati 2018, baada ya uchaguzi wa kwanza wa vijiji tangu 2001, mtakumbuka ule wa kupanga foleni nyuma ya mgombea. Nilisimama mbele kwa fahari. Hakuna aliyenieleza kwamba mimi ndiye katibu wa watoto. Nilidhani kazi yangu ni kukaa mkono wa kulia wa mwenyekiti.

Mwaka wangu wa pili ilikuja kesi ya binti wa miaka 13 na kijana wa duka. Sitataja zaidi. Familia zote mbili zilikuja kwa mwenyekiti, nami nikaitwa kwa sababu ni mwanamke, "ili mama wa mtoto ajisikie yuko na mwenzake." Tuliongea kuanzia saa nane mchana mpaka jua kuzama. Tukakubaliana mbuzi wawili na shilingi 400,000. Nikaandika mimi, kwa mwandiko wangu, kwenye karatasi ya daftari: "Pande zote zimeridhika na hakuna atakayepeleka jambo hili mbele." Mama wa mtoto hajui kuandika. Nilimshika mkono nikakibonyeza kidole chake kwenye wino wa muhuri wetu, kisha kwenye karatasi. Kidole kilikuwa kinatetemeka. Nikakibonyeza kwa nguvu kidogo ili alama itoke vizuri.

Binti alikuwa amekaa nje chini ya mwembe muda wote. Hakuna aliyemwita. Alipoona mbuzi wanafungwa kwenye mti wa nyumbani kwao, alielewa.

Baadaye kulikuwa na mafunzo makao makuu ya wilaya. Ndipo afisa mmoja akatusomea kwamba kunajisi mtoto wa chini ya miaka 14 ni kosa linaloweza kumfikisha mtu kwenye adhabu ya kifo, na kwamba hakuna baraza la kijiji Uganda lenye mamlaka ya kulisikiliza, wala kulipatanisha, wala kulipokelea mbuzi. Kwamba kazi yangu ilikuwa moja tu: kumtoa mtoto hatarini na kupeleka habari polisi na kwa afisa wa probesheni, yule wa ustawi wa jamii wilayani, siku hiyo hiyo. Nilitoka nje nikatapika.

Mzee wa Mlimani, nakusihi usinichukie. Kukaa chini na kuongea ni dawa ya mambo mengi. Nimepatanisha wenye mashamba, nimepatanisha mke na mume walionuniana kwa sababu ya ada ya shule. Hata watoto waliogombana, walioiba maembe, sheria inaturuhusu kuwasikiliza pale pale kijijini wasipelekwe mahabusu. Hilo ni jema. Lakini kuna kizingiti, na mtu mzima akimuumiza mtoto amekivuka. Pale mazungumzo yanamlinda mkubwa peke yake.

Baada ya siku ile nilinunua daftari la kurasa 96. Kila mtoto niliyeletewa nilimwandika: tarehe, kilichotokea, nimempigia nani, saa ngapi, amejibu nini. Daftari lile ninalo mpaka leo. Mama Twaha, na wewe anza lako leo. Andika tarehe uliyoiona alama, maneno ya mtoto kama alivyoyasema, siku uliyokwenda kwa mwenyekiti.

---

Mkaazi_wa_Ng'ambo, Jumatano saa 2:50 asubuhi

Jirani yako hapa upande wa Kenya, Mama Twaha. Kitu kimoja cha watu wa mpakani. Namba ya bure ya watoto ni 116 kwenu Uganda, na kwetu Kenya pia ni 116. Sasa pale kwetu mawimbi ya simu hayajui mpaka. Ukipiga na laini ya Kenya, au simu yako ikiwa imeshika mtandao wa huku, utajikuta unaongea na Nairobi. Watakusikiliza lakini kesi si ya nchi yao, na dakika zinakwenda. Angalia kwanza simu imeandika mtandao gani juu, ndipo upige. Na kama mtoto atavushwa kuja huku, tafadhali andika hapa mara moja, kwetu kuna afisa wa watoto wa kaunti ndogo na chifu, nitakwenda mwenyewe.

---

Byamungu_Kyangwali, Jumatano saa 3:30 asubuhi

Miye niko Kyangwali, mukimbizi toka Ituri. Huku kwetu hatuna LC yetu sisi wakimbizi, tuko na baraza la wakimbizi, nalo lina mwenyekiti wa kijiji na wenzake kama vile LC. Ugonjwa ni ule ule. Mutu akimpiga mutoto wa kulea, wanasema "si mutoto wake, shukuru amemupokea."

Tuko na batoto wengi waliovuka ziwa Albert peke yao. Wanapewa familia ya kuwalea. Familia nyingine ni ya upendo kabisa, nyingine ilitaka mikono ya kulima na kadi ya chakula. Kitu nimejifunza: mutoto wa namna hiyo hasemi. Anaogopa akisema atahamishwa tena, na amekwisha kuhamishwa mara nyingi. Miye nilikuwa nacheza nao mpira tu, kila Jumamosi. Ilichukua miezi mitatu mutoto mmoja kuniuliza, "Mutu akiungua mgongo, anaweza kucheza bila shati?" Hivyo ndivyo alivyosema. Kama ningekuwa namuhoji kama askari, asingesema hata leo.

Dada, usimuulize huyo binti maswali mengi. Kaa karibu na bomba.

---

Kijana_wa_Kibuli, Jumatano saa 5:12 asubuhi

Naomba nisiharibu mada, lakini kichwa cha uzi kinasema na wazee. Bibi yangu ana miaka 84, yuko kijijini huko Bunyoro. Anapata pesa za wazee kutoka serikalini, zile 25,000 kwa mwezi. Nilipokwenda Idi nikamkuta amekonda, analala juu ya gunia, na kitambulisho chake cha taifa kiko kwa binamu yangu "kwa usalama". Binamu ndiye anayekwenda kupokea. Bibi anasema hajashika noti tangu mwaka jana. Nilipomkabili binamu akasema bibi amechanganyikiwa hajui anachosema. Bibi hajachanganyikiwa. Aliniuliza kazi yangu, akakumbuka mpaka jina la mtoto wangu wa mwisho. Huyu naye analindwa na nani? Yeye si mtoto, kwa makamu hawezi kwenda.

---

Afisa_Jamii_Mashariki, Jumatano saa 7:40 mchana

Ndugu zangu, mimi ni afisa wa probesheni na ustawi wa jamii katika wilaya moja, sitaitaja. Naandika kama mtu, si kwa niaba ya ofisi.

Kwanza huyu binti wa Busia, maana ndiye mwenye saa inayokimbia. Mtu akinipigia simu na kusema "kuna mtoto ananyanyaswa", napata shida kuanza. Akisema "mtoto wa kike, anaonekana miaka 12, ana jeraha la pasi kiganja cha kulia, lina usaha, nimeliona tarehe fulani, amefichwa ndani siku nne, chumba ni cha tatu kutoka kwangu", siku hiyo naondoka. Mama Twaha tayari unayo yote hayo. Piga 116, ni bure, usiku na mchana, na jina lako si lazima ulitaje. Au nenda polisi, uliza dawati la familia na watoto, usiishie kaunta. Tena Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010 inamtaja mfanyakazi wa ndani. Kwa hiyo "si mtoto wetu" haiwaokoi.

Mnauliza nini kinafuata, kwa sababu watu wanaogopa kwamba mtoto atatupwa kwenye kituo. Kituo ni mlango wa mwisho. Tunatafuta kwanza ndugu: bibi, shangazi, hata jirani wa kijijini anayeaminika. Mtoto akibaki nyumbani, mahakama ya familia na watoto inaweza kutoa amri ya uangalizi, nikawa namtembelea, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Nyumba ikiwa haifai kabisa kuna amri ya malezi, nayo haizidi miaka mitatu. Mimi sina ruhusa ya kumchukua mtoto wa mtu kwa sababu nimeamua tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Niseme pia yale yanayoumiza. Katika wilaya yangu tuko wawili. Pikipiki ni moja, na mafuta yake yakiisha kabla ya mwezi kuisha, nakwenda kwa boda kwa pesa yangu au siendi. Mwenyekiti wa LC1 kwa miaka mingi amekuwa akipewa shilingi 120,000 kwa mwaka mzima, elfu kumi kwa mwezi. Makamu wake hana hata hizo. Tunamtaka mama asiyelipwa akabishe hodi usiku kwa mtu mwenye pesa, kisha aendelee kuishi naye kijiji kimoja. Hilo lazima tulipiganie wakati wa bajeti za kata ndogo, kwa sababu zinasomwa hadharani na mwananchi ana haki ya kuhudhuria. Nimehudhuria nyingi. Fungu la watoto husomwa dakika moja, mara nyingine halipo.

Kijana wa Kibuli, hujaharibu mada. Watu wazima hawana sheria moja iliyokamilika kama ile ya watoto, ulinzi wao umetawanyika, na ndiyo maana wanapotea katikati. Lakini bibi yako hayuko mtupu. Kumnyima mtu pesa yake na kumdhibiti kwayo ni ukatili wa kiuchumi, na sheria ile ile ya 2010 inautambua. Kama kijijini kwake kuna mwakilishi wa wazee, anza naye. Kisha nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ndogo, maana yeye ndiye anayesimamia orodha ya pesa za wazee. Mwambie kwamba mpokeaji mbadala, yaani anayepokea kwa niaba ya bibi, hafikishi pesa. Mpokeaji mbadala anabadilishwa. Na kitambulisho kirudi mkononi mwa bibi, si kwako wala kwa binamu mwingine. Ukiweza nenda naye mwenyewe siku ya malipo, akae kwenye kiti, ahesabu noti zake mbele ya watu.

Neno "amechanganyikiwa" nalisikia kila wiki. Karibu kila mara ninayemkuta amechanganyikiwa ni mtu mwenye njaa.

---

Kijana_wa_Kibuli, Jumatano saa 8:02 mchana

Nimelia kwenye teksi. Ijumaa nakwenda.

---

Mzee_wa_Mlimani, Jumatano saa 11:30 jioni

Nimesoma ya mama wa Koboko mara mbili. Niliwahi kukaa kwenye vikao vya namna ile. Nilikuwa nahesabu mbuzi, mtoto sikumwangalia. Leo sina la kuongeza.

---

MamaTwaha_Busia, Jumamosi saa 1:25 usiku

Wapendwa, narudi na habari. Samahani kwa kimya, nilishauriwa nisiandike mpaka mtoto atoke.

Jumatano mchana nilimpata makamu wetu. Ni mama muuza dagaa, mtaa wa pili, nimenunua kwake miaka minne bila kujua. Nilipomweleza akafunika beseni lake, akamwachia binti yake, akavaa leso. Hakusema neno. Njiani ndipo akaniambia, "Mimi huniita mambo yakishaisha, nitie sahihi." Tulipiga 116 tukiwa wawili, nikaangalia kwanza mtandao kama jirani wa ng'ambo alivyosema. Kisha tukaenda polisi, dawati la familia na watoto, tukakuta askari mwanamke. Saa kumi na moja jioni walikuja na afisa wa probesheni.

Mtoto alikuwa nyuma ya pazia, amekaa juu ya gunia la mchele. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa cha jikoni. Afisa alipochuchumaa mbele yake na kumsalimia, mtoto alimwuliza, "Nimeshamaliza vyombo?"

Yuko hospitali sasa. Wanasema vidole viwili vitahitaji mazoezi muda mrefu, lakini vitapona. Nyumbani kwa bibi yake imepatikana kadi ya chanjo: amezaliwa miaka 12 na miezi minne iliyopita. Yule baba na yule mama wamehojiwa, baba yuko ndani, faili limekwenda kwa mwendesha mashtaka. Mwenyekiti hanisalimii. Wapangaji wawili wameihama kamba ya kuanika tuliyokuwa tukitumia pamoja. Mmoja, ambaye sikutegemea, aliniletea sahani ya wali bila kusema ni ya nini.

Sasa hili ndilo lililonirudisha usiku huu. Bibi wa mtoto amenipigia saa moja iliyopita kwa simu ya jirani yake. Amesema watu watano wa upande wa yule baba wamefika kwake. Wameleta sukari kilo tano, mafuta, na karatasi. Bado wamekaa uani. Amewaambia anakwenda kuchota maji, akanipigia. Ananiuliza afanye nini. Nimempigia afisa, yuko njiani lakini ni mbali na kuna tope.

---

Makamu_Mstaafu_Koboko, Jumamosi saa 1:29 usiku

Mwambie asikae nao kwenye mkeka. Asipokee sukari hata kijiko. Asiweke kidole kwenye karatasi yoyote, hata wakimwambia ni ya kuonyesha kwamba walifika. Aketi kwa huyo jirani mwenye simu mpaka afisa afike.

Nitumie namba ya jirani kwa ujumbe wa siri. Nitampigia mimi, nikae naye kwenye simu.

---

MamaTwaha_Busia, Jumamosi saa 1:30 usiku

Nimekutumia.